Mkebe umeandikwa hauna maziwa, mbona mtoto amevimba midomo?

SWALI: Mtoto wangu wa miaka mitatu alipimwa hospitali hapa Nakuru, nikaambiwa ana mzio wa maziwa ya ng'ombe. Nilinunua supamaketi ule unga wa kutia kwenye chai badala ya maziwa, mkebe umeandikwa "non-dairy" kwa herufi kubwa. Alikunywa nusu kikombe tu. Muda si muda midomo ikavimba, mabaka yakatoka mwili mzima, akatapika. Je, lebo ilinidanganya? Na vidonge vya bakteria wa tumbo vilivyoandikwa "dairy-free" navyo niache kumpa? Jirani ananishauri nimpe maziwa ya mbuzi. – Mama, Njoro

JIBU: Pole sana mama, na umpe pole mtoto. Kabla ya mambo ya lebo, kuna hili la haraka. Mabaka na kutapika vikija pamoja, mzio umeshapita ngozi. Siku nyingine ukiona hivyo, au akikohoa mfululizo, sauti ikikauka, kifua kikilia au akilegea, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Usimpe sirapu ya mzio kisha ukae kungoja. Sirapu hutuliza mwasho, lakini kinachookoa maisha katika hali hiyo ni sindano ya adrenalini. Mwombe daktari wake akuandikie hatua za kufuata, na nakala ibaki kwa yeyote anayemlea ukiwa kazini.

Sasa geuza huo mkebe usome viambato nyuma, kwenye yale maandishi madogo. Naamini utakuta "sodium caseinate", kwa sababu unga wa aina hii mara nyingi huwa nayo. Hiyo ni kaseini, protini ya maziwa yenyewe, iliyotengwa kiwandani na kugeuzwa unga unaoyeyuka vizuri kwenye chai. Protini ya maziwa ya ng'ombe ni kaseini kwa takriban asilimia 80. Kwa hiyo ulimpa mtoto kile kile ulichokuwa unamkinga nacho, na kosa si lako.

Je, ni uongo? Nchini Marekani, mtengenezaji anaruhusiwa kuandika "non-dairy" kwenye bidhaa yenye kaseini, mradi kwenye orodha ya viambato aongeze kwamba kaseini hiyo imetokana na maziwa. Sheria yao ya mwaka 2004 kuhusu vyakula vyenye mzio nayo inamlazimu ayataje maziwa. Basi mbele anasema hakuna, nyuma anakiri yapo, na sheria hajaivunja. Mimi naona ni vibaya. Mama aliyebeba mtoto mgongoni hana nafasi ya kusoma herufi ndogo kwenye kila mkebe, na neno la mbele ndilo lililomfanya aununue.

Usichanganye pia na bidhaa zilizoandikwa "lactose-free". Laktosi ni sukari ya maziwa. Mtu ambaye tumbo lake haliwezi kuimeng'enya hujaa gesi na kuhara, basi, na maziwa yaliyoondolewa laktosi yanamfaa. Mtoto wako tatizo lake ni protini, na protini humo imebaki yote. Ndiyo maana mursik, yale maziwa ya kuchachisha, pia haimfai: kuchacha hupunguza laktosi, lakini protini inabaki. Kuchemsha nako hakusaidii, kwa kuwa kaseini huvumilia moto.

Maziwa ya mbuzi, tafadhali, usimpe. Najua yanasifiwa sana, na jirani yako ana nia njema. Lakini protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi sana wenye mzio kama huu huumwa na hayo pia.

Turudi kwenye vidonge. Neno "dairy-free" nalo si kinga kamili. Bakteria hao mara nyingine hukuzwa kiwandani kwenye lishe yenye maziwa, na chembe zake zinaweza kubaki. Tena chakula kinaweza kutiwa doa na mashine iliyotumika kwa bidhaa nyingine. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipima chokoleti nyeusi 94 na kuyakuta maziwa katika asilimia 61, ingawa ni sita tu zilizoyaorodhesha. Na Uingereza, mwaka 2017, mama wa watoto watano alifariki baada ya kula mkate uliotiwa mtindi usio wa maziwa. Uchunguzi wa kifo chake ulionyesha kwamba mtindi huo ulikuwa umechafuliwa na protini ya maziwa, iliyopitia kwenye kiambato kimoja tu cha wanga. Kwa hiyo viache vidonge hivyo hadi daktari wake avione. Mtoto mwenye mzio mkali havihitaji kiasi cha kubahatisha.

Maneno ya kukariri unaponunua ni "casein", "caseinate", "whey", "lactalbumin", "milk solids", "butterfat" na "ghee". Ukiona lolote kati ya hayo, rudisha rafuni. Bidhaa za Uingereza na Ulaya huandika kiambato cha mzio kwa herufi zilizokolezwa, hivyo neno "milk" hujitokeza haraka. Soma mkate, biskuti, siagi ya mimea, soseji na unga wa uji uliochanganywa, na usome kila unaponunua, maana viwanda hubadilisha viambato bila kutangaza. Kama mtoto ana pumu, mwulize mfamasia kuhusu dawa ya kuvuta ya unga, kwani baadhi hubebwa na laktosi yenye chembe za protini.

Usihofu kwamba mifupa yake itakosa madini. Omena, yaani dagaa, wanaoliwa pamoja na mifupa yao, wasagwe wakitiwa kwenye mboga, pamoja na uji wa wimbi na sukuma wiki, vina kalsiamu ya kutosha kumfaa. Mtaalamu wa lishe wa kliniki akupimie kiasi kulingana na uzito wake.

Mkebe usiutupe. Upige picha mbele na nyuma, hifadhi risiti, kisha upeleke malalamiko KEBS, shirika la viwango vya bidhaa nchini Kenya. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidika na bidhaa anayoinunua, na haki ya kulindwa afya yake. Alama ya ubora unaweza kuihakiki kwa kutuma neno SM, alama ya #, na namba ya kibali kwenda 20023. Ila jibu litakuambia tu kama kibali ni halali, halitakuambia kama ndani mna kaseini.

Watoto wengi huuacha mzio huu wanapokua. Mwulize daktari lini atapimwa tena, na jaribio la kumrudishia maziwa lifanyike hospitalini, mbele ya watu wenye adrenalini mkononi, si jikoni kwako.