Waridi na baridi ya kipupwe: maswali kutoka Makete hadi Tukuyu

Kila ukifika Juni, sanduku la safu hii hujaa maswali ya maua. Mwaka huu mengi yanahusu waridi. Tumechagua sita, na tumeyafupisha kidogo.

Shikamooni wataalamu. Nina miwaridi tisa mbele ya nyumba. Mwishoni mwa Aprili niliikata yote ikabaki usawa wa goti, nikaitilia samadi na mbolea ya CAN ili ichanue vizuri. Ikachipua kweli. Wiki iliyopita tumeamka nyasi zote nyeupe kwa barafu, na ilipofika saa 4 machipukizi yalikuwa meusi, yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Imekufa? Niikate tena? (Mama, Makete)

Marahaba mama. Haijakufa, ila mkasi uweke chini kwanza.

Chipukizi la wiki tatu ni maji matupu. Usiku joto likishuka chini ya sifuri, maji yaliyo kati ya seli za jani huganda, na barafu hiyo huvuta maji yaliyo ndani ya seli zenyewe. Jua likitoka barafu inayeyuka, lakini seli zimeshaharibika, ndipo unapoona ule weusi. Fimbo ya zamani, iliyokomaa na kuwa ngumu, huvumilia nyuzi kadhaa chini ya sifuri bila shida. Kwa hiyo barafu ya Makete peke yake isingeufanyia mwaridi wako jambo kubwa. Kilichouponza ni mkasi wa Aprili. Kuukata mwaridi ni kuuamsha, na CAN ni kuuharakisha. Umeamshwa ukaingizwa Juni ukiwa na watoto wachanga mgongoni.

Yale machipukizi meusi yaache yalivyo. Hayapendezi, lakini yanayafunika macho (mahali chipukizi huanzia) yaliyo chini yake, na ukiyaondoa sasa mti utaamsha macho mengine yatakayokutana na barafu ya Julai. Ondoa tu linaloota ukungu wa kijivu wenye manyoya, kwa kuwa huo hushuka hadi kwenye fimbo. Ukitaka kuhakikisha mti u hai, kwangua ganda la fimbo kwa ukucha, sehemu ndogo tu. Chini ya ganda pakiwa kijani kibichi, fimbo iko salama. Pakiwa kahawia na pakavu, teremka sentimita 10, ukwangue tena.

Mkasi utarudi kazini mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba kwa ninyi wa Makete na pembezoni mwa Kitulo. Njombe na Mafinga wanaweza kuanza katikati ya Agosti, na walioko mjini Mbeya au Iringa hata mwishoni mwa Julai. Siku hiyo futa makali ya mkasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Anza na fimbo zilizokufa, kisha zinazosuguana, kisha nyembamba kuliko penseli. Acha tatu hadi tano zilizo imara, zenye urefu wa sentimita 40 hadi 60. Kila mkato uwe nusu sentimita hivi juu ya jicho linalotazama nje, umeinama kidogo upande wa nyuma wa jicho ili maji yasilitiririkie. Tazama moyo wa fimbo uliyoikata. Ukiwa mweupe, umefika penye uhai. Ukiwa kahawia, shuka tena hadi upate weupe.

Mbolea isitiwe siku hiyo hiyo. Subiri wiki mbili, macho yavimbe na kufikia urefu wa ukucha, ndipo uweke nusu ndoo ya samadi iliyooza vizuri na vizibo vinne vya soda vya CAN kwa kila mti. Zungushia umbali wa sentimita 25 kutoka kwenye shina, changanya na udongo wa juu, umwagilie. Kumbuka Septemba na Oktoba huko hakuna mvua, hivyo usikate kama huna maji ya kuendeleza machipukizi.

Mwakani CAN ya mwisho iwe mwishoni mwa Machi, kwa sababu chipukizi linahitaji wiki sita hadi nane kukomaa. Kuanzia Mei acha kukata maua yaliyonyauka, yaache yafunge tunda. Mwaridi ukishafunga matunda hupunguza kasi ya kuchipua, na hilo ndilo unalolitaka kabla ya baridi.

Kamwene. Nilifunika waridi zangu kwa nailoni jioni, lakini asubuhi majani yaliyoigusa yalikuwa yameungua zaidi hata ya mti ambao sikuufunika. Jirani yangu yeye hufunga kiroba kuzunguka mti na kukaza kamba shinani. Nani kati yetu anakosea? (Msomaji, Njombe)

Kamwene. Wote wawili, ingawa kosa lako ndilo linaloumiza zaidi.

Mwaridi hauna joto lake kama ng'ombe, kwa hiyo kuufunga kiroba kiunoni ni kuuvika koti maiti. Joto la usiku linatoka ardhini. Mchana jua hupasha udongo, usiku udongo huliachia, na anga likiwa wazi joto hilo linapaa na kupotea. Kazi ya kifuniko ni kulizuia lisipae. Hivyo lazima kifike chini na kukaa juu ya mti kama hema. Jirani yako, kwa kukaza kamba shinani, amelifungia nje joto la udongo.

Nailoni nayo hupoa haraka upande wa nje, na mvuke unaotoka udongoni hugeuka matone upande wa ndani. Jani linaloigusa linalala limeegemea kitu cha baridi chenye maji yanayoganda.

Chomeka fito nne za mianzi kuuzunguka mti, ziuzidi urefu kwa sentimita 15 hivi. Tandika juu shuka kuukuu, blanketi bovu au gunia la katani, lishuke mpaka chini pande zote, ukandamize pindo kwa mawe. Kama una nailoni tu, iwekwe juu ya shuka, isiguse jani hata moja. Funika saa 11 jioni, kabla udongo haujapoteza joto lake. Ukingoja saa 3 usiku unafunika baridi. Funua saa 3 asubuhi. Anayeacha kifuniko siku nzima anauchemsha mti mchana, unachipua upya, na ukungu unapata nyumba.

Si kila usiku wa kipupwe unahitaji kazi hii. Ogopa siku ambayo mchana ulikuwa mkavu, anga halina wingu, na upepo umetulia jua linapozama. Wingu likitanda au upepo ukivuma usiku kucha, barafu haikai. Siku ya kuogopa, mwagilia udongo saa 5 au 6 mchana, lita 5 kwa kila mti, maana udongo wenye unyevu hubeba joto jingi kuliko mkavu. Majani usiyaloweshe.

Kuna jambo la matandazo ambalo wengi hulielewa kinyume. Nyasi nene juu ya udongo huzuia jua lisiupashe mchana na huzuia joto lisitoke usiku. Mizizi inapenda hivyo, lakini majani yaliyo juu yanapata barafu zaidi. Penye barafu kali, sogeza matandazo kando Juni na Julai, uyarudishe Agosti.

Tazama pia mahali mti uliposimama. Hewa ya baridi ni nzito, hutiririka kuteremka kama maji na kutuama kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni. Ndiyo maana bustani ya bondeni inaungua na ya mlimani, hatua mia moja tu juu yake, inabaki kijani. Ukiwa na ua mnene wa michongoma upande wa chini wa bustani, umejenga bwawa la baridi. Toboa upenyo wa mita moja chini ya ua huo, hewa ipite.

Nimeona video ya mzungu anarundika udongo mpaka nusu ya mwaridi, kisha anaufunga majani makavu kwenye waya. Nifanye hivyo? (Kaka wa Mafinga)

Usifanye. Huko kwao udongo wenyewe huganda kwa wiki nyingi na hewa hushuka nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Wanachokikinga ni kile kifundo ambapo waridi limebebeshwa juu ya shina la aina nyingine, kwani kikifa hicho, kinachochipua chini yake si waridi ulilolinunua. Hurundika udongo sentimita 25 hadi 30 juu ya kifundo baada ya mti kulala kabisa. Minnesota, Marekani, wengine huchimba mtaro, hulegeza mizizi ya upande mmoja, huulaza mti mzima humo na kuufukia hadi majira ya kuchipua.

Mafinga udongo hauwi jiwe, na mwaridi wako haulali, unasinzia tu. Ukiurundikia udongo wenye unyevu miezi mitatu, ganda la shina huoza na mchwa hualikwa. Kifundo kiache usawa wa ardhi au vidole viwili juu yake. Chipukizi likitokea chini ya kifundo, lenye majani madogo yasiyofanana na mengine, lifukulie hadi linapoanzia ulivute ling'oke. Ukilikata kwa mkasi litarudi na wenzake watatu.

Je, kuwasha moto wa pumba ili moshi utande bustanini kunazuia barafu? (Msomaji, Uyole)

Moshi hauzuii. Chembe zake ni ndogo mno kulizuia joto linalopaa kutoka ardhini. Kinachosaidia kidogo ni joto la moto wenyewe, na kwa hilo mioto midogo mingi ni bora kuliko mmoja mkubwa, ambao hewa yake ya moto hupaa moja kwa moja juu. Kwa miwaridi mitano, shuka ni rahisi zaidi na majirani hawatakohoa.

Na msimwagie maji majani yenye barafu alfajiri halafu mkaondoka. Maji hayo yakianza kukauka huchukua joto la jani, na mara nyingi huganda juu yake.

Kwetu Tukuyu barafu hatuijui, lakini baridi na ukungu wa mlimani vikija, majani machanga yanaota unga mweupe na kujikunja, na ya chini yana madoa meusi, yanageuka njano na kudondoka. Nipulize dawa gani? (Dada wa Tukuyu)

Hayo ni magonjwa mawili, dada, na tabia zake hazifanani. Unga mweupe ni ubwiri unga. Hauhitaji jani lililolowa. Unapenda usiku wa baridi wenye unyevu na mchana wa vuguvugu. Madoa meusi yenye kingo kama manyoya ni ugonjwa mwingine, unaohitaji jani likae na maji kama saa 7 mfululizo ndipo upenye. Ndiyo maana anayemwagilia majani jioni anauzidisha mwenyewe.

Kwa ubwiri unga tumia salfa, dawa ile ile wakulima wa korosho wa Mtwara wanayoijua. Chukua inayochanganyika na maji, pima kama kibandiko kinavyosema, puliza asubuhi pande zote mbili za jani, rudia baada ya siku 7 hadi 10. Kwa madoa meusi tumia mankozebu, ya wakulima wa viazi. Hiyo ni kinga, haiponyi jani lililougua, kwa hiyo okota kwanza majani yote yaliyodondoka na uyachome. Vaa glovu na barakoa. Kama ulipuliza dawa ya mafuta, pitisha wiki mbili kabla ya kutumia salfa, la sivyo majani yataungua.

Dawa haitasaidia sana kama miti imebanana. Iachie mita moja kati ya mmoja na mwingine, na katikati ya kila mti pawe wazi kama bakuli, upepo ukaushe majani.

Yangu iko kwenye ndoo barazani, Iringa mjini. Barafu hakuna, ila kingo za majani zinakauka. (Msomaji, Iringa)

Huo ni upepo na kiu. Kipupwe cha Iringa ni kikavu, jani linapoteza maji kuliko mizizi ya ndoo inavyovuta. Isogeze kwenye ukuta unaotazama kaskazini, kwani Juni na Julai jua letu limeegemea upande huo na tofali litarudisha joto usiku. Inua ndoo kwa vipande viwili vya tofali ili isikalie sakafu ya baridi na matundu yapumue. Chomeka kidole hadi kifundo cha pili. Udongo ukiwa mkavu hapo, mwagilia asubuhi mpaka maji yatoke chini. Ukiwa bado na unyevu, acha hadi kesho.