Macho 6/6 lakini maandishi yanaogelea: vile mimi nilitibiwa baada ya kugongwa kichwa

Dada, nimesoma vile umeandika kuhusu ndugu yako mdogo, ameanguka na boda, skani ya kichwa imetoka safi, macho yamepimwa akaambiwa 6/6, na bado akifungua kitabu cha CPA, ile mitihani ya uhasibu, anasema maandishi yanaogelea, sasa hapo nyumbani mmeanza kushuku anakwepa mtihani. Hakwepi. Hiyo kitu ilinipata na nilikaa nayo zaidi ya miezi miwili kabla mtu hajaniambia inaitwaje, kwa hivyo nitaandika refu, nivumilie.

Mimi ni fundi wa nguo, nina kibanda Kawangware. Januari 2024, wiki ile shule zinafunguliwa, sare zimenijaa mpaka kwa kiti cha wateja, lile dirisha la mabati unaliinua asubuhi na kulishikiza na fimbo, fimbo ikateleza. Likanishukia hapa juu ya sikio. Sikuzimia, nilikaa tu chini, mtoto wa jirani akaniletea maji, nikainuka nikashona mpaka saa mbili usiku. Ujinga mtupu. Kesho yake kichwa kinagonga kama ngoma, nikapelekwa hospitali, skani elfu nane, hakuna damu hakuna ufa, ni mtikisiko wa ubongo, nenda upumzike. Basi majirani wote wakawa madaktari, kaa gizani, usiguse simu, usitoke nje, na mimi nikatii, siku kumi na moja nimefunga pazia! Baadaye ndio nikaambiwa mapumziko yenyewe ni siku moja au mbili, halafu unaanza kutembea na kufanya kazi ndogondogo, bora dalili zisipande sana. Hata wale wataalamu wa majeraha ya kichwa ya wanamichezo waliokutana Amsterdam 2022 walisema hivyo. Mimi kule gizani niliongeza tu huzuni.

Niliporudi kwa cherehani nikaona sindano mbili.

Si utani. Natia uzi, naona matundu mawili, nachagua moja, uzi unapita hewani. Nikifumba jicho moja sindano inarudi kuwa moja (shika hapo, tutarudi). Namba za tepu zinapandana, meseji ya M-Pesa naanza mstari mmoja namalizia wa chini yake, na ikifika saa nne asubuhi paji la uso linauma kama nimefungwa kamba. Supamaketi sikuwa naweza, zile rafu ndefu zinapita pembeni nasikia kutapika. Matatu za 46 zenye taa na skrini ndio usiseme, nilikuwa nashuka njiani natembea.

Nikaenda duka la miwani. Jicho la kulia 6/6, la kushoto 6/6, nikauziwa miwani ya kusoma elfu sita na mia tano, ikaongeza maumivu. Nisikilize hapa dada: hiyo 6/6 inamaanisha kila jicho peke yake linaona herufi za mbali. Haisemi chochote kuhusu vile macho mawili yanashirikiana ukiangalia kitu cha karibu. Kila jicho lina misuli sita na inaongozwa na mishipa mitatu ya fahamu kutoka ubongoni, ukisoma lazima macho yote yageuke kidogo kuelekea pua, kwa wakati mmoja na kwa kipimo kimoja. Kichwa kikitikiswa huo mpangilio unavurugika hata kama skani haionyeshi kitu, kwa sababu skani inatafuta damu na mfupa uliovunjika, haionyeshi kazi inavyofanyika. Macho yanabaki kama ng'ombe wawili wa plau waliokosana, kila mmoja ana nguvu zake lakini mstari hautokei.

Aliyenigundua ni kijana aliyesomea optometria, yaani upimaji wa macho, chuo kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega. Kipimo chenyewe kilinichekesha. Akashika kalamu, akaileta polepole kuelekea pua yangu, niseme ikigawanyika. Mtu wa kawaida anaiona moja mpaka sentimita tano au sita hivi kutoka puani. Yangu iligawanyika sentimita 19. Tena akarudia mara kadhaa, kwa sababu wengine mara ya kwanza wanafaulu, macho yakichoka ndio ukweli unatoka. Jina la ugonjwa ni refu, konvajensi insafishensi, yaani macho yanashindwa kuingia ndani pamoja. Akapima pia kama lenzi za ndani ya jicho zinafokasi haraka kutoka mbali hadi karibu, na kama macho yanaruka vizuri kutoka neno hadi neno. Haya ndio mwulizie ndugu yako. Kabla hamjalipa nauli pigeni simu mwulize, mnapima macho mawili pamoja, kwa umbali wa kusoma? Wakisema tunapima namba ya miwani tu, endeleeni kutafuta.

Sasa matibabu. Ni mazoezi, na yanaboesha, nakwambia mapema.

Kubwa lilikuwa uzi wa Brock, umepewa jina la Frederick Brock, mtaalamu wa macho aliyetoka Uswisi akafanyia kazi Marekani. Ni kamba ya kama mita tatu ina shanga za rangi tofauti. Mimi ni fundi, sikuagiza yoyote, nilinunua shanga tatu kubwa Kariokor, nyekundu, ya manjano na ya kijani, nikazipitisha kwa kamba nyeupe. Mwisho mmoja unafunga kwa kitasa cha mlango, mwingine unashika kwa ncha ya pua. Ukiangalia shanga ya katikati, macho yakifanya kazi utaona hiyo shanga moja lakini KAMBA MBILI, zinakutana pale kwa shanga kama herufi X, na shanga zile zingine zinakuwa mbilimbili. Ndiyo, hapo kuona mbili ni kuzuri. Ukiona kamba moja tu, ubongo umezima jicho moja kimyakimya ili usisumbuke. Mimi wiki mbili za kwanza kamba ya kushoto ilikuwa inakuja na kupotea kama stima za kwetu. Nikiikosa napepesa macho, natingisha kamba kidogo, inarudi. Ukishaipata X unahama shanga, ya mbali, ya kati, ya karibu, unarudi, na kila baada ya siku kadhaa ile ya karibu unaisogeza nusu inchi kuelekea pua.

Kuna watu watakwambia leta kalamu puani mara ishirini kila siku utapona. Inaweza kusaidia lakini mimi singetegemea hiyo peke yake. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2008, watoto 221 wa miaka 9 hadi 17, wiki 12, waliofanya mazoezi kliniki na mengine nyumbani asilimia 73 hivi walipona au walipata nafuu, wa kalamu nyumbani pekee asilimia 43. Hao walikuwa watoto na hawakuchaguliwa kwa sababu ya kugongwa kichwa, kwa hivyo usimwahidi ndugu yako hizo namba, ila inaonyesha kusimamiwa kuna maana yake. Mimi nilikuwa naenda mara moja kwa wiki, nyumbani nafanya dakika tano asubuhi na tano jioni.

Na hapo ndio niliharibu. Nilijiambia nikifanya saa nzima nitapona haraka, si ndio mazoezi? Nikalala siku mbili na kichefuchefu. Yule kijana akaniwekea sheria, dalili zikipanda kidogo simama, funga macho, ngoja zishuke, zisiposhuka kwa dakika chache basi leo imeisha. Kwa ubongo uliogongwa ukilazimisha unarudi nyuma.

Kitu kingine, macho hayakuwa peke yake. Nikigeuka kitandani upande wa kulia nyumba nzima inazunguka sekunde kadhaa, nikadhani ni macho. Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akanilaza, akageuza kichwa changu hatua kwa hatua, inaitwa mbinu ya Epley, kumbe vijiwe vidogo vya kalsiamu ndani ya sikio vilikuwa vimetoka mahali pake. Mara mbili tu ikaisha. Shingo pia akaifanyia kazi. Kama ndugu yako ana kizunguzungu cha aina hiyo kishughulikiwe mapema, maana kufundisha macho wakati dunia inazunguka ni kazi bure.

Niliuliza kuhusu kuziba jicho moja. Inatuliza, nilikuwa nafanya nikitaka kumaliza kukata kitambaa, lakini jicho lililozibwa halijifunzi kitu, usimwache ashinde nalo. Miwani ya prizimu pia ipo, ile yenye lenzi za kupinda mwanga ili picha mbili zikutane, wengine wanapewa ya muda, mimi sikuhitaji.

Ile ya kufumba jicho sasa. Akiona vitu viwili, afumbe jicho moja, halafu lingine. Vikiwa kimoja kila mara, shida ni ushirikiano. Jicho moja peke yake likiona viwili, shida iko kwa jicho lenyewe. Na kama picha mbili ziko juu na chini badala ya kando kwa kando, au anainamisha kichwa upande ndio aone vizuri, huo unaweza kuwa mshipa wa fahamu ulioumia, hapo si mazoezi ya kamba, apelekwe kwa daktari bingwa wa macho, kama kitengo cha macho cha hospitali ya Kenyatta au ya Kikuyu. Mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, kutapika tena na tena, degedege, usingizi usioamka, maji yasiyo na rangi yakitoka puani au sikioni, hiyo ni dharura usiku huohuo, usingoje clinic ya Jumatatu.

Mimi ilichukua miezi minne. Kalamu ilifika sentimita saba tukaacha kwenda kliniki. Uzi mweusi kwa kitambaa cheusi saa moja jioni bado unanigawanyikia, hiyo kazi siku hizi naifanya asubuhi.

Kwa sasa kabla hamjapata mtu, avute maandishi yawe makubwa, aweke rula chini ya mstari, asome dakika kumi aangalie nje ya dirisha, arudi. Na akianza ile kamba aanze na shanga ya mbali. Akipiga kelele kwamba anaona kamba mbili, mwambie vizuri, aendelee.