Octavia Butler: uanzie wapi, na kwa nini Dana si msaliti

Mleta mada ameuliza aanze na kitabu kipi cha Octavia Butler, mwandishi Mweusi wa Marekani wa hadithi za kisayansi, maana kila anayemsifia huyu mama anataja kitabu tofauti. Mchangiaji mmoja hapo juu akamwambia asihangaike: yeye aliacha riwaya yake ya Kindred katikati kwa sababu Dana, mhusika mkuu, ni msaliti, anambembeleza bwana wa watumwa badala ya kummaliza mapema. Jibu hilo nimelisoma mara mbili na limenikaa kifuani. Swali nitalijibu, ila itabidi nipitie nyumbani kwetu kwanza. Na nitasimulia baadhi ya yanayotokea kitabuni, asiyetaka kujua aruke.

Mama yangu alifanya kazi za ndani Upanga, hapa Dar, kwa miaka 19, katika nyumba tatu tofauti. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya familia ya wageni. Walipoanza kufungasha warudi kwao, mama akaambiwa achukue boksi la vitabu vilivyokuwa vinakwenda kutupwa. Alilibeba kichwani hadi kituoni, akapanda nalo daladala mpaka Mbagala. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Vingi vilikuwa vitabu vya mapishi na vya kufuga mbwa, na katikati yake kulikuwa na Kindred, jalada limebanduka upande mmoja.

Miaka mingi baadaye nikaja kusoma maisha ya aliyekiandika. Butler alizaliwa Pasadena, California, mwezi Juni 1947. Baba yake alikuwa anang'arisha viatu, akafariki binti akiwa bado mdogo. Mama yake alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za Wazungu, na vitabu na majarida yaliyotupwa na wenye nyumba ndiyo aliyokuwa akimletea mwanawe. Niliposoma hapo niliinuka nikatoka nje kwanza.

Binti mwenyewe alikuwa mrefu kupita wenzake, mwenye haya nyingi, na kusoma kulimpa taabu kwa sababu herufi zilimchanganya. Alipofika miaka 10 akamsihi mama yake amnunulie taipureta, na mama, kwa mshahara ule ule wa kudeki nyumba za watu, akanunua. Akiwa na miaka 12 alitazama kwenye televisheni filamu hafifu kuhusu mwanamke kutoka sayari ya Mars, akajiambia kwamba yeye anaweza kutunga hadithi bora kuliko ile, akakaa chini akaanza. Mtu mzima mmoja wa ukoo alimwambia kwamba Weusi hawawi waandishi. Alipokua aliosha vyombo, alikagua viazi vya kukaanga kiwandani, aliuza bidhaa kwa simu, na aliamka saa nane za usiku aandike kabla ya kwenda kazini. Kitabu chake cha kwanza, Patternmaster, kilitoka mwaka 1976.

Sasa nije kwenye hoja ya mchangiaji. Butler alisimulia kwamba utotoni alimwona mama yake akiingia kwa mlango wa nyuma, akasikia watu wakimsema mbele yake kana kwamba hayupo. Aliona aibu, na alimwonea aibu mama pia. Alimwambia waziwazi kwamba yeye kazi kama ile hataifanya kamwe. Kisha akaenda chuoni, wakati vuguvugu la Weusi limepamba moto, akamsikia kijana mmoja akisema angetamani kuwaua wazee wote waliowarudisha Weusi nyuma kwa unyenyekevu wao, ila hawezi, maana ingebidi aanze na wazazi wake mwenyewe. Butler aliona kwamba kijana yule aliijua historia kichwani tu, hakuwahi kuiweka kwenye mwili wake. Akaamua kumtafuta mtu wa zama zake, ampeleke huko utumwani na mwili wake wote, tuone atafanya nini. Ndiyo Kindred, mwaka 1979.

Dana ni mwandishi Mweusi wa miaka 26. Ni mwaka 1976, yeye na mume wake Mzungu wamehamia nyumba mpya huko Altadena, wanapanga vitabu. Mara kizunguzungu, na anajikuta ukingoni mwa mto huko Maryland, mwanzoni mwa karne ya 19, mtoto wa Kizungu anazama. Anamwokoa. Mtoto huyo, Rufus, ni mwana wa mwenye shamba la watumwa, na Dana anakuja kugundua kwamba ndiye babu wa babu zake. Kila maisha ya Rufus yanapokuwa hatarini, Dana anavutwa kwenda kumnusuru. Akimwacha afe kabla hajamzaa mtoto aitwaye Hagar, ukoo wa Dana huenda usiwepo. Ndugu mchangiaji, kisu unachodai kinatoka, tena mwishoni, na Dana anarudi kwao bila mkono wa kushoto. Lakini ulipoachia wewe ndipo penyewe.

Mle jikoni kuna mpishi anaitwa Sarah. Mwenye shamba amewauza watoto wake watatu, fedha ikanunua samani na vyombo vipya vya nyumba. Amemwachia mmoja tu, Carrie, kwa kuwa ni bubu na sokoni hana bei. Sarah anapika, anasema ndiyo bwana, ndiyo bibi. Dana anapofika anamdharau. Anamwona ni yule mama mtiifu wa jikoni ambaye vijana wa miaka ya sitini walimcheka. Halafu siku zinapita, Dana naye anachapwa viboko, anajaribu kutoroka, anakamatwa, na taratibu anaanza kunyamaza pale ambapo zamani angejibu. Butler haandiki kwamba Dana amevunjika. Anakuonyesha mtu mwenye elimu, mwenye historia yote kichwani, akihesabu kila asubuhi ni kitu gani atakimeza leo ili kesho awepo. Ukifika ukurasa ambao Dana anatambua kwamba Sarah hakuwa mjinga hata siku moja, kwamba Carrie ndiye kamba aliyofungwa nayo, utaelewa kwa nini nimekasirika.

Kwenye ile nyumba ya pili ya Upanga mama yangu alikuwa na kikombe chake. Cha plastiki, cha bluu, kiliwekwa chini ya sinki karibu na sabuni, ili kisichanganyike na vya wenyewe. Nilikiona siku niliyompelekea dawa. Nikamuuliza njiani kwa nini hasemi kitu, kwa nini haachi kazi. Alinijibu kwa swali: "Ada ya muhula umelipa au hujalipa?" Nilikuwa na miaka 14, na kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nikiwaambia wenzangu darasani kwamba mama yangu ni muuguzi.

Kindred nilikisoma mara ya kwanza kwa kamusi, nikielewa nusu. Sehemu ya Sarah niliielewa yote.

Kuna mambo mawili kuhusu namna kilivyoandikwa ambayo watu hawayajui. Butler alianza na mhusika mwanamume, akashindwa: mwanamume Mweusi wa 1976, kwa namna anavyosimama na kumtazama mtu usoni tu, wangemuua kabla hajajifunza kuishi mle. Akabadilisha awe mwanamke. La pili, alipanda basi kutoka California hadi Maryland kwenda kuiona ardhi yenyewe, akasoma masimulizi ya watu waliokuwa watumwa, kisha akakiri kwamba ilibidi apunguze makali, kwa kuwa ukatili wenyewe ulivyokuwa hakuna ambaye angevumilia kuusoma. Mwenyewe hakukiita kitabu hiki hadithi ya kisayansi. Alisema hamna sayansi yoyote ndani, na ni kweli. Hakuna mashine. Dana anavutwa tu.

Ukishaliona hilo la Sarah, vitabu vyake vingine vinafunguka kwa ufunguo huo huo. Butler alirudia swali moja maisha yake yote: mwenye nguvu yuko mbele yako, huwezi kumshinda leo, na anakuhitaji. Utampa nini, na utakataa kumpa nini?

Kwenye Wild Seed, cha mwaka 1980, swali hilo linaanzia Afrika Magharibi mwaka 1690, kwa Anyanwu, mwanamke wa Kiigbo anayeweza kujigeuza umbo lolote na aliyeishi mamia ya miaka. Anamjia Doro, roho ya kale isiyokufa, inayovaa miili ya watu na kuwaua kwa kuwavaa, na inayozalisha watu kama mifugo. Sisi tuliokulia kwenye habari za pepo kumpanda mtu hatuhitaji kufafanuliwa Doro ni nini. Wamarekani wengi wanahitaji. Kwangu mimi ndicho kitabu chake kitamu kuliko vyote, na kama mleta mada hapendi habari za viboko, aanzie hapo.

Hadithi fupi yake ya Bloodchild ilipata tuzo ya Nebula na ya Hugo, zile tuzo kubwa za hadithi za kisayansi. Binadamu wamekimbilia sayari ya viumbe wengine, na malipo ya kupewa hifadhi ni kwamba baadhi yao, hata wanaume, wabebe mayai ya wenyeji mwilini. Wasomaji wengi waliisoma kama habari ya utumwa, Butler akakataa, akasema ni hadithi ya mapenzi na ya mwanamume mwenye mimba. Na unajua ilitokana na nini? Alikuwa anajiandaa kwenda Peru, akaogopa nzi wa kule ambaye mabuu yake hukua chini ya ngozi ya mtu. Aliandika ili aimalize hofu. Sisi ambao tuliambiwa na mama zetu tupige pasi hata chupi, nzi asije akawa ametaga kwenye nguo iliyoanikwa, tunamwelewa vizuri sana.

Dawn, cha mwaka 1987, ni kigumu zaidi. Dunia imeharibiwa kwa vita vya nyuklia, na Lilith anaamka ndani ya chombo cha Waoankali, viumbe wanaoishi kwa kubadilishana chembe za urithi na kila jamii wanayoikuta. Wamemponya saratani bila kumuuliza. Sasa wanataka awafundishe binadamu wenzake kukubali. Wenzake wanamwita msaliti, kwa maneno yale yale aliyotumia mchangiaji wetu kwa Dana.

Parable of the Sower ndicho kinachotajwa sana siku hizi, na sababu inaeleweka. Kilitoka 1993, kinaanza mwaka 2024: California imekauka, maji yanauzwa ghali kuliko petroli, watu wanaishi ndani ya kuta, na binti wa mchungaji, Lauren Olamina, anaandika kwenye shajara kwamba Mungu ni Badiliko. Ana maradhi ya kuhisi maumivu ya kila anayemwona akiumia. Mwaka 2020 kitabu hicho kiliingia orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya New York Times, miaka 14 baada ya mwandishi kufariki. Januari 2025 moto ukateketeza sehemu kubwa ya Altadena, mji ule ule alikokuwa anapanga vitabu Dana, na ambako Butler mwenyewe amezikwa. Watu wakasema alitabiri. Yeye alikuwa akikataa hilo: alisema aliangalia tu matatizo tunayoyapuuza sasa, akayapa miaka 30 yakue.

Lakini mimi napendekeza usiishie hapo, usome na Parable of the Talents cha 1998. Humo binti wa Lauren, aliyenyang'anywa akiwa mchanga na kulelewa na wengine, anasoma shajara za mama yake na kumhukumu. Ana uchungu mwingi, na katika baadhi ya mambo ana haki. Mwandishi aliyewahi kumwambia mama yake "kazi yako sitaifanya kamwe" amempa mtoto nafasi ya kusema yote. Sehemu hizo nazisoma polepole.

Survivor usikitafute, mwenyewe alikataa kisichapishwe tena. Patternmaster kinasomeka, ila bado mkono haujakomaa.

Kuhusu athari yake nitasema kwa kifupi kwa sababu wengine mmeshagusia. Mwaka 1995 alikuwa mwandishi wa kwanza wa hadithi za kisayansi kupewa ile ruzuku kubwa ya wakfu wa MacArthur wa Marekani. N. K. Jemisin, aliyetwaa tuzo ya Hugo ya riwaya miaka mitatu mfululizo, na Nnedi Okorafor, mwenye asili ya Nigeria, wote wanamtaja kama aliyewatangulia. Na mahali kilipotua chombo cha Perseverance kwenye sayari ya Mars mwaka 2021, NASA wamepaita kwa jina lake.

Mwaka jana mama alifanyiwa upasuaji wa macho, akawa hawezi kutazama televisheni, nikamsomea Kindred jioni baada ya jioni, nikitafsiri kwa mdomo. Alisikiliza bila kusema chochote mpaka tulipofika kwa Sarah. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Siku ya mwisho, Dana ameshapoteza mkono, anakwenda na mume wake Maryland kutafuta kumbukumbu, na wanakuta kwenye gazeti la kale orodha ya watu wa shamba lile waliotangazwa kuuzwa. Mama akaniuliza, "Na Sarah yumo?" Nikamwambia yumo. "Na yule binti yake bubu?" Nikamwambia Carrie hayumo kwenye orodha. Akageukia ukutani, akakaa hivyo kwa muda, kisha akaomba chai.

Kwa hiyo mleta mada, anza na Kindred, halafu Wild Seed, halafu hizo Parable mbili kwa mpangilio. Ndugu mchangiaji, na wewe rudi pale ulipoachia. Kama uko Dar na kitabu umeshakigawa, nina nakala ya pili ninayoazimisha, nitumie ujumbe. Ile yenye jalada lililobanduka haitoki nyumbani.