Maandishi ya biashara ndogo: anzia kwenye maswali ya wateja

Mkuu, umeuliza mambo mawili: utumie nyenzo gani kuandikia blogu na matangazo ya duka lako, na kwa nini watu wanasoma halafu hawanunui. Naanza na hilo la pili, maana ukilipatia, la kwanza linakuwa jepesi.

Nyenzo kubwa kuliko zote unayo tayari mkononi: simu yenye meseji za wateja. Fungua mazungumzo ya mwezi uliopita, nakili kila swali kwenye daftari kama lilivyoulizwa, bila kulisafisha. Ukifikisha maswali 30 au 40 utaona yanajirudia: ukubwa gani, inadumu muda gani, nikiagiza leo inafika lini, isiponitosha inakuwaje. Lililojirudia mara tatu na kuendelea lina haki ya kujibiwa kwenye maelezo ya bidhaa. Linalohitaji jibu refu ni makala kamili ya blogu, na swali lenyewe ndilo kichwa chake. Usiligeuze likawa lugha ya ofisini. Mteja aliyekuuliza "viatu vya ngozi vikilowa nifanyeje" ataandika hivyo hivyo anapotafuta Google. Ukiweka "Umuhimu wa Utunzaji wa Bidhaa za Ngozi", umejificha mwenyewe.

Sasa tuyatazame maelezo ya bidhaa kwa karibu. Haya ndiyo yamejaa kila mahali:

"Begi bora na la kisasa, lenye ubora wa hali ya juu, litakalokidhi mahitaji yako yote. Wahi sasa!"

Yasome tena ukiondoa neno "begi" na kuweka "ndoo". Yanabaki sawa, maana yake hayajasema kitu. Linganisha na haya:

"Begi la mgongoni la turubai nene, lita 20. Linaingia kompyuta mpakato ya inchi 15 na madaftari matatu. Mfuko wa chupa uko kulia. Uzito gramu 800. Linahimili manyunyu, kwenye mvua kubwa maji hupenya kwenye zipu."

Ile sentensi ya zipu ndiyo wauzaji wengi huiogopa. Iache hapo hapo. Mteja akiona umemtajia udhaifu, anayaamini na yale mengine, na yule anayetaka begi la mvua kubwa hatakuja kudai pesa yake wiki ijayo. Njia ya kufika huko ni rahisi: shika kila kivumishi (bora, imara, kisasa, nafuu) na ukiulize, "kwa kipimo gani?" Jibu likipatikana, andika jibu na ufute kivumishi. Lisipopatikana, futa tu.

Kwenye makala za blogu, kosa linaloua ni utangulizi. Mtu ameuliza viatu vikilowa afanye nini, wewe unamweleza kwanza kwamba viatu ni sehemu muhimu ya mavazi. Jibu liwe ndani ya sentensi mbili za mwanzo, sababu na hatua zifuate. Mara nyingi ukifuta aya ya kwanza ya rasimu, makala inasimama vizuri zaidi. Urefu usikusumbue, Google wenyewe wanasema hawana idadi ya maneno wanayoipendelea.

Nafasi nazo zina mipaka yake. Kichwa kwenye matokeo ya Google hukatwa kulingana na upana wa skrini, lakini ukibaki ndani ya herufi 60 hivi kwa kawaida huonekana chote. Yale maelezo ya chini yake, lenga herufi 150. Kwa kuwa maneno yetu ni marefu, jina la kitu likae mwanzoni: "Viatu vya ngozi vikilowa: hatua za kuvikausha", ili hata kikikatwa mkia, kichwa kibaki na maana.

SMS ndiyo inayokula pesa kimyakimya. Meseji moja ni herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukizidisha, inagawanywa vipande vya herufi 153, na huduma nyingi za meseji za jumla hutoza kila kipande. Ukitia emoji moja tu, kikomo kinashuka hadi herufi 70, na vipande vinakuwa vya 67. Halafu kuna mtego unaotuhusu sisi wa Kiswahili: kile kialama cha ng' kwenye "ng'arisha". Kikiwa kimenyooka hakina shida. Ukiandikia Word kisha ukanakili, mara nyingi kinageuzwa kikawa cha kupinda, na hicho hakimo kwenye seti ya kawaida ya herufi za SMS. Mifumo mingine hukirekebisha, mingine hukituma kilivyo. Kikitumwa hivyo, meseji ya herufi 150 iliyokuwa moja inahesabiwa tatu. Kwa wateja 500, umelipia 1,500. Kwa hiyo andika tangazo la SMS moja kwa moja kwenye ukurasa wa kutuma meseji, na uangalie kihesabio cha vipande kabla ya kubonyeza.

Saa nazo zinakosesha wateja. "Tunafungua 8:00" kuna atakayesoma saa mbili asubuhi, na kuna atakayekuja saa nane mchana. Andika "saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni". Tarehe vilevile: 3/4 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine, kwa hiyo taja mwezi kwa jina.

Programu sasa. Google Docs inatosha kabisa: inahifadhi matoleo ya nyuma, na inakubali kuandika kwa sauti kwa Kiswahili, jambo linalowafaa sana watu wanaoeleza vizuri mdomoni lakini wakishika kibodi wanaganda. LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Zima usahihishaji wa Kiingereza unaojiendesha, utakuharibia maneno bila wewe kuona. Akili mnemba (AI) itumie kukuorodheshea maswali uliyoyasahau. Vipimo na sifa za bidhaa usiiachie, maana itakutungia visivyokuwepo na lawama itakuwa yako.

Hata kamusi nzuri haitakamata r na l zilizobadilishana. "Karibu mahari petu" itapita bila mstari mwekundu, kwa sababu mahari ni neno halali. Dawa ni kuyaacha maandishi yalale usiku mmoja, kisha kuyasoma kwa sauti asubuhi. Pumzi ikikata kabla ya nukta, gawanya sentensi.

Ukishachapisha, chukua simu nyingine, fungua tangazo kama mteja, bonyeza kila kiungo, na ipigie namba uliyoiweka mpaka isikike ikiita kwako.