Skating ikifika mlangoni, usikimbilie kukata

Nilidhani skating, ile mbao ya kuzunguka chumba chini ya ukuta, ni kazi ya Jumamosi moja. Nikanunua mbao za saipras Gikomba, nikazileta Utawala na pikapu ya jirani na jioni hiyo hiyo nikaanza kukata. Kumaliza, kila mlango una ufa wa kuingiza shilingi kati ya skating na fremu, mke wangu ananiuliza kama hapo ndio mlango wa panya.

Sasa, shida haikuwa msumeno. Nilikuwa nakata mraba kabisa na skwea, na fremu zangu zenyewe hazijasimama wima, zimeinama kidogo upande wa bawaba. Sisi huamini fremu kwa sababu fundi alikuwa na pima maji, lakini mbao haijali, itafuata mahali fremu imeegemea. Siku hizi naweka skating chini ukutani, naisukuma mpaka iguse fremu, halafu nachukua kipande kidogo cha mbao na penseli juu yake nakiteleza kwa fremu kutoka juu mpaka chini, na ile laini inayobaki kwa skating ndio nakata, hata ikikaa mbovu namna gani. Msumeno naulaza kidogo ndio nyuma iwe fupi kuliko mbele, hapo uso unafunga kwa fremu bila kusumbuana na plasta. Na anza na upande wa mlango, ule mwingine uache mrefu, ukikosea kuna mahali pa kurudia.

Kitu ingine, pima unene kabla ya kununua. Skating yangu ilikuwa inchi moja, na ile mbao ya kuzunguka fremu nusu inchi, kwa hivyo ilitokeza ikakaa kama mdomo. Niliweka kipande kinene cha mbao chini kila upande wa mlango, skating ikaishia hapo, na wageni hudhani ni staili.

Mbao mbichi pia ni balaa, itajikunja iache ukuta, kwa hivyo iache ndani mpaka ikauke kwanza. Na toboa na drili kabla ya msumari, ukipiga karibu na mwisho itapasuka, mimi nilipasua tatu. Ufa mdogo uzibe na vumbi la msumeno na gundi nyeupe kama utapaka rangi, lakini kwa vanishi litabaki doa.

Mlango wa bafu nimeacha vile uko, hapo nitaweka taili.