Maswali yenu: Kinga ya mtoto na korona

Mimi nililala kitandani wiki mbili, mwanangu wa miaka 6 akatoka mafua siku mbili tu. Ana kinga kali kuliko yangu?

Si kali, ni ya haraka. Seli zilizotanda ndani ya pua ya mtoto hukaa macho hata kabla ya maambukizi. Kirusi kikigusa tu, zinamwaga mapema intaferoni, yaani protini zinazokizuia kuzaliana na kuzishtua seli jirani zijifungie. Kwetu watu wazima king'ora hicho huchelewa. Kirusi hupata muda wa kushuka mapafuni, na kinga inapokuja inakuja kwa pupa, inapiga kirusi na mapafu yenyewe. Ndiyo maana wengi walioishia kwenye oksijeni walipewa deksamethasoni, dawa ya kuituliza kinga. Kumbuka hilo unaposoma jibu linalofuata.

Nimpe dawa gani ya kuongeza kinga?

Hakuna. Kila wiki naulizwa, na kila wiki kuna mzazi ameshanunua chupa. Kinga si tangi la maji ujaze mpaka juu, ikizidi, inaua. Mtoto anayekula vizuri, anayelala vya kutosha na aliyekamilisha chanjo zake zote, ikiwemo ya surua, hahitaji matone ya mtu yeyote. Surua yenyewe hufuta kumbukumbu ya kinga kwa magonjwa mengine, lakini wanaoulizia matone hawaniulizi kuhusu surua.

Kipimo cha PCR, kinachosaka kirusi chenyewe, kilisema ana korona. Baada ya miezi miwili kipimo cha kingamwili, yaani protini za kinga zinazokinasa kirusi, kikasema hana. Nani mwongo?

Huenda hakuna. Vipimo vingine hutafuta kingamwili za protini ya ndani ya kirusi, na watoto wengi hutengeneza chache za aina hiyo. Zao huelekea zaidi kwenye ile miiba ya nje. Kirusi kilichozimwa mapema hakiachi alama kubwa. Tena kingamwili si kinga yote, kuna seli T, askari wa kinga wanaoziwinda seli zilizoambukizwa, ambazo kipimo hicho hakizioni. Usikitumie kuamua kama achanjwe.

Akiugua mara moja, basi?

Anaweza kuambukizwa tena.

Mtoto wa miezi miwili naye yuko salama kama wakubwa wake?

Hapana, na naomba tuache kusema "watoto" kana kwamba wote ni kundi moja. Wachanga hulazwa zaidi kuliko wa umri wa shule. Huyu anategemea kingamwili za mama zilizopita kwenye kondo la nyuma na zile za kwenye maziwa, kwa hiyo mama aliyechanjwa akiwa mjamzito amemchanja na yeye. Mama ukiugua, vaa barakoa na uendelee kunyonyesha. Mtoto wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Alipona korona mwezi uliopita. Sasa ana homa siku ya nne, macho mekundu, vipele na tumbo linauma. Nisubiri?

Usisubiri hata kesho. Wiki 2 hadi 6 baada ya maambukizi, hata yale yasiyokuwa na dalili, kinga ya watoto wachache huwaka upya na kushambulia moyo, utumbo na ngozi. Madaktari wa Uingereza waliitambua hali hii Aprili 2020, ikifanana na ugonjwa wa Kawasaki, unaovimbisha mishipa ya damu ya watoto. Ikiwahiwa inatibika, na wengi hupona. Mwambie daktari tarehe aliyougua korona, na usimpe aspirini kwa uamuzi wako.