Baba wa Babu Yangu Alikuwa Nahodha wa Bendera Gani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalamu alaykum. Ninaandika habari za baba wa babu yangu, ambaye ukoo mzima unakubali kwamba aliishi baharini, lakini zaidi ya hapo hatukubaliani lolote. Ndani ya jalada la msahafu wa nyumbani imeandikwa kwamba alifariki Ramadhani ya mwaka 1321 wa Hijria akiwa na umri wa miaka 63. Shajara ya nasaba aliyoiandaa marehemu baba yangu mkubwa inasema alizaliwa mwaka 1840. Ninayo pia nakala ya hati ya Kifaransa ya mwaka 1891 inayomtaja nahodha mwenye jina lake na jina la baba yake, mwenyeji wa Sur, umri miaka 35, aliye chini ya himaya ya Ufaransa. Bibi yangu naye alisimulia mpaka mwisho wa uhai wake kwamba mzee huyo alikuwa Mpemba na “mtu wa manowari”. Nimwamini nani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nakuomba usianze kwa kuchagua wa kuaminiwa, kwa sababu kila mmoja wa mashahidi hawa alikuwa na haja yake alipoandika au kusimulia.

Ramadhani ya mwaka 1321 iliangukia Novemba na Desemba 1903. Inaelekea baba yako mkubwa alitoa 63 katika 1903 akapata 1840, ilhali mwaka wa Hijria una upungufu wa siku kama 11 ukilinganishwa na wa Miladi, na miaka 63 ya Hijria ni kama 61 tu ya Miladi. Hesabu sahihi ingemfikisha karibu na 1842. Hata hivyo mimi nisingeishikilia hiyo 63 yenyewe. Kwa kauli iliyo mashuhuri, huo ndio umri aliofariki nao Mtume (S.A.W.), na mtoto asiyejua mwaka aliozaliwa mzazi wake huenda aliona heri kuuandika. Mwezi na mwaka wa kifo viliandikwa na watu waliozika, kwa hiyo vishike. Umri uache wazi.

Hati ya Kifaransa ndiyo yenye mengi. Katika karne ya 19 manahodha wengi wa Sur, bandari ya Omani, walichukua hati na bendera kutoka kwa mamlaka za Ufaransa, kwa kuwa Ufaransa haikukubali manowari za Uingereza zipekue vyombo vyenye bendera yake. Jambo hilo lilizua mgogoro uliofikishwa mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague, ambayo ilitoa uamuzi Agosti 1905 na kuubana sana utaratibu huo. Kwa hiyo maneno “himaya ya Ufaransa” yanakueleza chombo kilisafiri kwa bendera gani, wala hayakuelezi kabila wala uzawa wa nahodha. Sur nako huenda ni makazi yake ya nusu ya mwaka tu: wengi walishuka na kaskazi, wakarejea na kusi, na wakawa na mke na nyumba kila upande. Bibi yako kumwita Mpemba hakupingani na hilo hata kidogo.

Ni haki nikuambie pia, ingawa ni zito, kwamba baadhi ya vyombo vilivyopeperusha bendera hiyo vilibeba watumwa. Simhukumu mzee wako, kwani vingine vilibeba tende, boriti na papa mkavu, lakini ukiyakuta hayo uyaandike kama yalivyo.

Usemi wa “mtu wa manowari” unanisumbua zaidi. Kuanzia mwaka 1874 manowari HMS London ilitia nanga bandarini Unguja kwa miaka kadhaa, na jeshi la maji la Uingereza liliajiri mabaharia wa pwani hii. Lakini huenda pia jina hilo alipewa mtu ambaye chombo chake kilikamatwa na manowari. Tena kumbuka desturi yetu ya kumpa mjukuu jina la babu yake. Ikiwa ile 63 ina ukweli wowote, mtu mwenye miaka 35 mwaka 1891 hakuzaliwa 1842, na pengo la miaka 14 ni kubwa mno kulihesabu kuwa kosa la karani. Mimi naelekea kuamini kwamba mna wazee wawili wenye jina moja, mmoja wa manowari na mwingine wa bendera ya Ufaransa, ambao ukoo umewaunganisha wakawa mtu mmoja.

Linaloweza kuwatenganisha ni jina la tatu. Litafute kwanza katika majalada ya mirathi kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, ukianza na mwaka 1903, kwa sababu mirathi hutaja warithi, nao utawatambua. Kumbukumbu za balozi za Ufaransa zilizorejeshwa nyumbani huhifadhiwa mjini Nantes, na vitabu vya manowari za Uingereza viko Kew, London, ingawa humo mabaharia wetu wengi waliandikwa kwa majina ya utani waliyopewa melini. Karani wa Kizungu aliandika alivyosikia, kwa hiyo Hamisi mtafute pia kama Khamis na Hamees.

Wakati unasubiri majibu, piga picha kila ukurasa wa msahafu ulioandikwa pembeni, na uwaulize wazee wa upande wa Pemba, si majina ya watu, bali jina la chombo.